Siku Wanaume wa Mzani Walipokwenda Mazikoni

Sheikha binti Nasser alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hawezi kumuona mtu anapanda chombo kisichomfaa akanyamaza. Wengine wakiona hivyo hupita zao. Yeye akimuona mgeni wa makamo, kachoka na safari, anabembelezwa akodi vespa na huku ana begi kubwa kama friji, basi mkono utashika kiuno na mdomo utafunguka. "Weye baba," atamwambia kwa Kiingereza chake kilichonyooka, "hiyo vespa itakuangusha kabla hujafika Bububu. Chukua gari." Na akimuona kijana mwenye kijibegi mgongoni, mzima wa afya, hana haraka ya dunia, anataka kukodi gari zima peke yake mpaka Chwaka, hapo humwambia neno ambalo dereva wa teksi halisemi hata akibanwa koo: "Nenda Darajani, panda daladala. Utafika vilevile, na utafika ushajuana na watu."

Sasa angalia maneno hayo yanasemwa na nani, na wapi. Yanasemwa na dereva wa teksi, kwenye kituo cha teksi, mbele ya madereva wenzake waliokaa kwenye benchi tangu alfajiri wakiomba Mungu ashuke mgeni mmoja tu. Kituo chenyewe kinaitwa Mzani. Ni kiwanja kidogo nyuma ya bandari ya Unguja, na jina limebaki tangu zama za wazee, pale karafuu zilipokuwa zikipimwa hapo kabla ya kuingia ghalani. Wanaume wa Mzani walikuwa wakimtazama Sheikha anamuonyesha mgeni wao njia ya Darajani kwa kidole, wakauma meno. "Mwanamke huyu anatutilia mchanga kwenye kitumbua chetu," wakasema, tena hawakusema kwa kunong'ona.

Sheikha alizaliwa Malindi, katika nyumba ya ghorofa yenye mlango wa nakshi na paa linalovuja. Babu yake alikuwa na shamba la mikarafuu. Baba yake alibaki na hadithi za shamba. Yeye Sheikha alipotazama akaona kilichobaki ni jina la ukoo na pua yake, na hivyo viwili havijazi chungu. Hakukaa kulia. Alipomaliza skuli alinunua kanga Darajani, akafunga furushi, akaanza kuzitembeza mashamba. Kwa miaka mingi alipanda kila chenye gurudumu na kila chenye kuelea katika kisiwa hiki: gari za mbao zenye mabenchi ya kutazamana, baskeli za kubebwa nyuma, gari la ng'ombe lililompeleka kwa wake wa vibarua wa Kizimbani, na mashua ya kuvukia Tumbatu, furushi likiwa kichwani lisirowe. Alijua njia ipi inamuumiza mwenye mgongo mbovu, gari ipi husubiri mpaka ijae na ipi huondoka na abiria wawili, konda yupi ukimpa mzigo unafika na yupi ukimpa unaufuata kwa polisi. Kuna wanaoijua Unguja kwa ramani. Yeye aliijua kwa mifupa ya kiuno, na alikuwa akijisifu hivyo mbele za watu, mashoga zake wakiziba midomo kwa mitandio.

Mumewe, Zahran, ndiye aliyekuwa dereva wa Mzani. Alimfundisha mkewe kuendesha katika njia ya Chwaka, siku za Ijumaa jioni, na haukupita muda mwanafunzi akaanza kumsahihisha mwalimu. Zahran alikuwa akicheka, anasema kajipalia makaa mwenyewe. Walikuwa hawana mtoto, wana gari moja, Noah nyeupe, na mapenzi mengi. Kisha Zahran akaugua maradhi yasiyochukua muda, akafa. Sheikha akakaa eda ndani kama ilivyo sheria. Eda ilipokwisha, alitoka, akaiosha Noah, akaenda nayo Mzani, akaiegesha mwisho wa foleni ya magari, akashuka na kusema, "Assalaam alaykum." Wakaitikia, maana salamu haikataliwi, lakini hakuna aliyesogea kumpisha kwenye benchi.

Mzani pana utaratibu wake. Mwanachama akifa, nafasi yake katika foleni hukaa mikononi mwa watu wa nyumbani kwake kwa mwaka mmoja, kisha wanachama hufanya kikao wakaamua aishike nani moja kwa moja. Nafasi ya Zahran ilikuwa na watakaji wawili. Mmoja Sheikha. Wa pili Azzan, mdogo wake Zahran, aliyekuwa akiendesha gari la mtu na kachoka kuendesha gari la mtu. Azzan hakuwa mbaya. Kila Ijumaa alimletea shemegi yake samaki, na Ijumaa hiyohiyo alimwambia kwa adabu zote, "Shemegi, ile nafasi mie nnaitaka." Sheikha naye akajibu kwa adabu zilezile, "Na mie nnaitaka, Azzan. Hebu nipe hao samaki kabla hawajaharibika."

Mkuu wa kituo alikuwa Mzee Shaame, Mtumbatu, baharia wa zamani, ambaye aliacha meli lakini hakuacha kupaza sauti kama anayeshindana na upepo. Wiki ya kikao, kilichopangwa Ijumaa, alimwita Sheikha pembeni. Sheikha akampa shikamoo, naye akaitikia, "Marahaba, Bi Sheikha," kisha akaingia moja kwa moja.

"Nimekwita tuambizane mapema, Ijumaa usije ukasema Shaame kanigeuka mbele za watu. Mie sauti yangu ntampa Azzan."

"Kwa ajili ya daladala?"

"Daladala nshakusamehe. Wageni wenyewe wanarudi wanakuulizia, hilo nnaliona. Lakini skiza. Sisi hapa si gari tu. Akifa mmoja wetu, kituo kizima kinakwenda kumzika. Habaki mtu. Tunamchukua mabegani mpaka kaburini. Abdulrazak ndivyo alivyotulea alipokianzisha kituo hiki, na Zahran tulimzika hivyohivyo, unajua. Sasa weye ni mwanamke, jeneza hulifuati. Mtu asiyetuzika atakuwaje mwenzetu?"

Neno lilimuuma Sheikha kwa sababu lilikuwa la kweli. Siku ya Zahran alikaa dirishani juu, akawatazama wanaume hawa wanampokea mumewe bega kwa bega, hakuna anayemwachia mwenziwe abebe kwa muda mrefu, wote wanagombea thawabu. Aliwapenda siku ile. Kama angeambiwa achague watu wa kumzika mtu wake, angewachagua haohao. Akarudi kwenye gari lake, na kwa mara ya kwanza akahisi kwamba nafasi inamponyoka.

Jumatano asubuhi, kabla ya kikao, Abdulrazak akafariki kwao Mkokotoni.

Ukitaka kujua habari ya kifo inavyofanya kazi Mzani, mtazame aliyekuwa anakula: hata tonge lililofika kinywani hushuka. Simu ililia mara moja tu, na maziko yalikuwa baada ya sala ya adhuhuri siku hiyohiyo. Wanaume wakavua fulana, wakavaa kanzu na kofia, wakajipakia katika magari machache na kuelekea kaskazini. Magari mengine wakayaacha kwenye foleni milango wazi, gea huru, funguo ndani, maana ndiyo desturi yao: gari la aliye mazikoni halifungwi, ili anayetaka kupita alisukume bila ya kumtafuta mwenyewe. Hakuna mwizi wa Unguja aliyewahi kuthubutu kuligusa.

Sheikha alifika baada yao. Alikuwa kavaa buibui, kajifunga vizuri, nia yake achukue Noah apande Mkokotoni akakae na wanawake wa msiba. Abdulrazak alikuwa mtu wa kwanza kumwita "dereva", na hakutaka maiti yake ishushwe kaburini huku yeye bado yuko mjini. Lakini boti ya asubuhi ilikuwa imeshafunga gatini. Wageni walikuwa wakimiminika kutoka mlango wa bandari, na hapo kiwanjani wamesimama kundi zima, wanachungulia magari yaliyo wazi yasiyo na watu, kama waliofika harusini wakakuta bibi na bwana harusi hawapo. Mmoja alikuwa akipiga honi ya gari la watu kutafuta mwenyewe.

Alisimama na ufunguo mkononi. Angeweza kupita. Hakuna ambaye angemlaumu, msiba ni msiba. Lakini wageni wale walikuwa wa Mzani, wengine wameahidiwa kwa majina na madereva waliokuwa sasa njiani kwenda kuzika, na ugonjwa wake ule ulikuwa umeshampanda. Akautia ufunguo mfukoni, akapiga makofi mawili, akasema kwa sauti ambayo Shaame mwenyewe angeionea wivu, "Karibuni. Leo dereva ni mimi peke yangu. Mnakwenda wapi?"

Aliwapanga kama apangavyo kanga zake, kila moja kwa mnunuzi wake. Wanawake wawili waliotaka kuona wakulima wa mwani aliwaelekeza Darajani kwenye gari ya Chwaka, akawafundisha neno la kumwambia konda wakitaka kushuka, akawafanya walirudie mbele yake mpaka likatoka sawasawa. Familia yenye watoto wadogo na bibi yao ilikuwa inakwenda Jambiani. Hao daladala isingewafaa, na teksi hakuna. Sheikha akampigia Anuar, dereva wa basi dogo la hoteli moja ya pwani ya mashariki. Anuar alikuwa ameshusha wageni mjini na anarudi na viti vitupu kama kila siku, naye hupenda sana kusikia kuna watu wa kuvijaza. Kijana mmoja aling'ang'ania vespa. Sheikha akamwambia aikokote ile iliyokuwa ukutani mpaka kwenye nguzo na kurudi. Kijana akaikokota, ikamlemea, ikambana na nguzo.

"Kibali cha kuendesha hapa unacho?" akamuuliza.

Hakuwa nacho.

"Basi leo baskeli, kesho kibali, keshokutwa tutazungumza habari ya vespa."

Kijana akacheka, akaenda kukodi baskeli. Kiwanja kikapungua, na Sheikha akaanza kuhesabu kwamba akiondoka sasa atafika kabla maiti haijashushwa kaburini.

Hapo ndipo wakatokea wazee wawili, mume na mke, Waholanzi, wametoka kutembea vichochoroni. Mume kavaa kofia ya ukindu, mke kashika embe mbichi. Walikuwa wageni wa Shaame mwenyewe. Aliwaahidi kuwapeleka uwanja wa ndege, ndege yao inaondoka mchana.

"Tumechelewa?" yule bibi akauliza. "Bwana Shaame yuko wapi na mabegi yetu?"

"Mabegi yenu?"

Ndipo mambo yakajulikana. Asubuhi na mapema Shaame aliwapitia walikolala, akayatia mabegi yao katika buti la gari lake ili watembee mikono mitupu kwa mara ya mwisho mjini. Kisha simu ikalia. Shaame, mtu ambaye hajawahi kumwacha mgeni njiani tangu ashike usukani, akapanda gari na madereva wanne, akaondoka kwenda kumzika rafiki yake na nguo za Waholanzi nyuma. Na si nguo tu. Pasi zao za kusafiria zilikuwa ndani ya begi dogo, na begi dogo lilikuwa ndani ya kubwa.

Sheikha alimpigia Shaame. Simu imezimwa. Akampigia Azzan. Imezimwa. Wote walikuwa wameshaingia msikitini. Kwenda Mkokotoni, kuchukua mabegi na kurudi mpaka uwanja wa ndege, ndege ingekuwa imeshapaa. Yule bibi akakaa juu ya ukingo wa ukuta na embe lake, macho yamemjaa machozi, kumbe kuna mjukuu anazaliwa huko kwao na alitaka kuwahi. Mumewe alimshika bega.

Sheikha alizitazama zile gari za foleni, milango wazi, funguo zinaning'inia. Akasema moyoni, kama hizi hazikufungwa, na ile ya Shaame iliyoko Mkokotoni haikufungwa. Aliyeizoea desturi hii hawezi kuiacha kwa kuwa yuko kwengine. Akapiga simu kwa Riyama.

Riyama alikuwa mteja wake wa kanga wa miaka mingi, mtu wa Mkokotoni, na kwa wakati ule alikuwa amekaa mkekani na wanawake wenziwe katika nyumba ya msiba. Alipokea kwa kunong'ona.

"Riyama, Mungu amrehemu Abdulrazak. Hebu toka nje kidogo. Unaiona gari ya Shaame, ile ya buluu?"

"Nnaiona. Iko chini ya mti wa mkungu."

"Imefungwa?"

Mlango ukalia. "Wazi."

"Fungua buti. Pana mabegi mawili makubwa."

"Yapo. Mazito haya, Bi Sheikha, wamebeba mawe?"

"Yatoe. Gari ya kwanza inayoshuka mjini isimamishe, mpe konda. Lakini angalia konda nani."

"Nimuangalie nini?"

"Akiwa yule mrefu mwenye mwanya, mpe. Akiwa yule mwengine, subiri inayofuata. Mwambie mimi nipo Mahonda, kwenye njia panda, mzigo ni wangu."

Akakata simu, akawageukia wazee. "Ingieni garini. Mabegi yenu yanakuja kwa daladala."

"Kwa daladala?" yule mzee akauliza. "Peke yake?"

"Hayako peke yake. Yako na watu."

Noah ilikuwa imezibwa mbele na gari moja na nyuma na jengine. Mzee wa Kiholanzi akavua kofia yake ya ukindu, akaweka mabega, na pamoja na Sheikha wakaisukuma gari ya mbele mpaka pembeni, buibui la Sheikha limekusanywa mkononi. Wakatoka. Njiani aliendesha kwa kasi anayoijua mwenyewe, na aliendelea kuwazungumzisha ili mama yule asipate nafasi ya kulia. Aliwaonyesha mahali alipouza kanga yake ya kwanza. Aliwaonyesha pale ambapo ng'ombe alikataa kuvuta gari na yeye akashuka kumbembeleza kwa ganda la ndizi. Yule bibi akacheka, kisha akamuuliza kama kweli ana hakika.

"Nina hakika," Sheikha akasema, na alikuwa nayo. Lakini alijua kwamba konda akikosea, au gari ikiharibika Donge, Ijumaa hatakuwa na haja ya kwenda kikaoni. Hakuna kituo kitakachompa nafasi mwanamke aliyepoteza pasi za wageni wa mkuu wa kituo siku ya msiba. Wangesema aliingilia yasiyomhusu, na wangekuwa na haki.

Mahonda walingoja. Ikapita gari ya Nungwi, haikusimama. Ikapita lori la mchanga. Kisha ikatokea ya Mkokotoni, inakuja taratibu, imejaa, na juu ya kibao chake cha mizigo, baina ya gunia la muhogo na kikapu cha dagaa, yamelala mabegi mawili ya kijani yenye magurudumu. Konda mrefu mwenye mwanya alikuwa amening'inia mlangoni, kayashika kwa mkono mmoja.

"Bi Sheikha!" alipiga kelele kabla gari haijasimama. "Mzigo wako huu! Leo unauza nini, nyumba?"

Yule bibi akalifungua begi palepale kando ya njia, akalitoa lile dogo, akazikuta pasi, akamkumbatia konda asiyemjua. Abiria wote wakashangilia madirishani, bila ya kujua wanashangilia nini. Dagaa lilikuwa limeacha harufu yake kwenye begi moja. Sheikha akawaomba radhi kwa hilo tu.

Barabara kuu kupitia Bububu ingewatia katika msongamano. Chini ya Mfenesini akakata kuingia njia ya ndani, ya Kizimbani, baina ya mikarafuu na mimdalasini, ambako vibarua walimpungia mkono kwa kulizoea gari lake. Wakatokea upande wa pili wa mji bila ya kuugusa mji. Uwanja wa ndege waliufikia watu bado wako kwenye mstari. Yule mzee wa Kiholanzi alimpa mkono, kisha akakumbuka, akaurudisha kifuani kwake kama alivyowaona watu wa hapa wanavyofanya. Kisha wakaingia ndani.

Shaame alipiga simu Sheikha akiwa bado kaegesha. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwengine. Hakuwa akipaza.

"Bi Sheikha. Nipo makaburini. Ndo kwanza tumemaliza kumsomea maiti talakini. Wale wazee... mabegi yao... nimemtuma kijana akafungue buti, hayamo. Wallahi sijui nimefanya nini."

"Mzee Shaame, tulia. Mabegi walishayapata. Na wao wenyewe sasa hivi wanapanda ndege."

Kwenye simu Sheikha alisikia watu wanasoma dua.

Sheikha hakwenda Mkokotoni siku ile. Alirudi Mzani kwa sababu boti ya mchana nayo ilikuwa inakuja, na hakukuwa na mtu. Akapeleka wageni, akaelekeza wageni, akasukuma gari za watu mbele kila foleni ilipohitaji kusogea, kila moja mahali pake, asije mtu akarudi akakuta kadhulumiwa zamu. Kila alipokaa kidogo alimsomea Abdulrazak Fatiha. Alijihisi mkosa kwa kutokaa na wanawake mkekani, na alijihisi vilevile kwamba hapa ndipo alipotakiwa awe. Vyote viwili vilikaa ndani yake, hakujaribu kukitoa kimoja.

Alasiri ilipopita wanaume walirudi, kanzu zimeingia udongo mwekundu magotini. Walizitazama gari zao zilivyopangwa, wakatazamana. Mmoja akauliza wageni wake wa Jambiani vipi, akaambiwa wako Jambiani tangu adhuhuri. Azzan akasogea kwenye benchi, akapangusa mahali kwa kiganja, akasema, "Shemegi, kaa," na Sheikha akakaa.

Shaame alibaki amesimama mbele yake. Macho yake yalikuwa mekundu ya kulia.

"Bi Sheikha, nilikwambia mtu asiyetuzika si mwenzetu."

"Uliniambia."

"Leo nilikuwa juu ya kaburi la Abdulrazak, nna udongo mkononi, nikawakumbuka wale wazee. Lau yeye mwenyewe angeweza kunyanyuka, angenifukuza palepale. Angeniambia, Shaame, mimi nshakufa, sina safari tena, weye wafuate wenye safari. Miaka yote hii tunaondoka sote kwenda kuzika, na hakuna aliyewahi kuuliza tunamwachia nani walio hai." Akapangusa uso kwa mkono wa kanzu. "Azzan, una neno?"

"Sina, ami. Kaka angesema hayohayo."

Shaame akainama kidogo, akamtazama Sheikha usoni. "Basi nnakuuliza mbele yao wote. Siku ya kufa mie, hawa watakuja Tumbatu kunizika, wote, habaki hata mmoja, na ndivyo nnavyotaka. Weye utabaki hapa na wageni wangu?"

Benchi zima likamgeukia Sheikha.

"Ntabaki, Mzee Shaame," akasema. "Na hatakosa safari hata mmoja kwa ajili yako."

"Basi kikao tumekimaliza hapahapa. Nafasi ni yako," Shaame akasema, na sauti yake ya baharini ikarudi, watu wa gatini wakageuka kutazama. Sheikha akalia palepale, mbele ya wanaume wote, wala hakuinua mtandio kujificha.